Namba 720 720: jinsi ya kuivunja kwa kalamu, kuhesabu vigawo vyake vyote na kucheza nayo

Maswali ni yale yale kila wiki. "Yaya, nitajuaje kama namba kubwa hivi inagawanyika kwa 7?" "Mwalimu amesema vigawo viko vingi, mimi nimepata nane tu, vingine viko wapi?" "Kwa nini 17 imekataa na 18 imekubali?" Nafundisha watoto wa mtaa wetu hapa Katuba, Lubumbashi, jioni baada ya bukari, yaani ugali, kwenye meza moja ya mbao uani; wananiita Yaya, yaani ndugu mkubwa. Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi mno, na kila mara kuna mtoto ambaye siku hiyo hakuwepo. Basi nimeyaandika, na yeyote anayeanza asome hapa kwanza.

Mfano wangu ni mmoja tu: 720 720. Nimeuchagua kwa makusudi. Mtoto ukimpa namba kubwa yoyote, atajaribu 2, itakataa, atajaribu 3, itakataa, atajaribu 7, itakataa, halafu atafunga kaye, yaani daftari, na kusema hesabu si yake. Namba hii haimfanyii hivyo. Inagawanyika kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea hadi 16 bila kubakiza kitu, nayo ndiyo ndogo kuliko zote zenye sifa hiyo. Tena, kati ya namba zote zilizo chini ya milioni moja, hakuna hata moja yenye vigawo vingi kuishinda. Ni namba karimu, na mwanafunzi anayeanza anahitaji ukarimu kwanza. Ugumu ataukuta baadaye.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kaye ya miraba. Ya mistari itafaa ukikosa, lakini miraba inashika kila tarakimu mahali pake, na makosa mengi huanzia pale tarakimu moja inapohama safu.
- Biki mbili za rangi tofauti: moja ya kuandikia kazi, nyingine ya kukagulia.
- Jedwali la kuzidisha kichwani, angalau hadi 12. La 13 liandike pembeni mwa ukurasa: 13, 26, 39, 52, 65, 78, 91, 104, 117.
- Orodha fupi ya namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.
- Muda wa saa moja na nusu bila haraka.

Simu iweke mbali. Utaitumia mwishoni kukagua, na hata hapo kuna mtego ambao nitakuonyesha.

Maneno mawili mengine, kisha tuanze. Kigawo ni namba inayoigawanya nyingine bila baki. Baki ni kile kinachosalia mgawanyo unapokataa kuisha vizuri. Nadharia ya kuanzia ni hiyo tu.

Hatua ya 1: Iandike kwa mafungu ya tarakimu tatu, kisha isome kwa sauti

Andika 720, acha nafasi, andika 720. Kisha isome: laki saba na ishirini elfu, mia saba na ishirini. Sisi wa Lubumbashi tunasema elfu mia saba makumi mbili, na mia saba makumi mbili. Isome kwa namna uliyozoea, ila isome kwa sauti. Sikio litakuambia jambo ambalo jicho limelipita: umesema kitu kile kile mara mbili.

Hatua ya 2: Utoe mwangwi nje

Namba inayojirudia hivyo naiita namba yenye mwangwi. 720 720 ni 720 elfu, ukiongeza 720 nyingine. Yaani ni 720 mara elfu moja, na 720 mara moja tena. Jumla:

720 720 = 720 × 1001

Usiipite hatua hii mpaka umeielewa, maana inafanya kazi kwa namba yoyote ya tarakimu tatu iliyoandikwa mara mbili. 438 438 ni 438 × 1001. 915 915 ni 915 × 1001. Kazi iliyoonekana kubwa imekuwa kazi mbili ndogo: kuivunja 720 na kuivunja 1001.

Hatua ya 3: Ivunje 1001

Watu wengi wakiiona 1001 wanadhani ni tasa. Haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, basi wanaiacha. Ijaribu kwa 7: unapata 143. Na 143 ni 11 × 13. Kwa hiyo:

1001 = 7 × 11 × 13

Kagua kwa biki ya pili: 7 × 11 ni 77, 77 × 13 ni 770 na 231, jumla 1001.

Hapa simama kidogo, kuna mchezo. Mwambie mwenzako achague kwa siri namba ya tarakimu tatu, aiandike mara mbili mfululizo, halafu agawanye kwa 7, jibu aligawanye kwa 11, jibu hilo aligawanye kwa 13. Atarudi kwenye namba yake ya siri. Kwa 438 inakwenda hivi: 438 438 ÷ 7 = 62 634; 62 634 ÷ 11 = 5 694; 5 694 ÷ 13 = 438. Nimeufanya mchezo huu mbele ya watoto wadogo na mbele ya wazee, na uso wa mtu anapoiona namba yake imerudi ni ule ule.

Hatua ya 4: Ivunje 720

Chora mstari wima. Kushoto weka 720, kulia weka namba tasa unayogawanyia, ukianza na ndogo kuliko zote. Endelea na 2 mpaka ikatae, kisha 3 mpaka ikatae, kisha 5.

720 | 2
360 | 2
180 | 2
90 | 2
45 | 3
15 | 3
5 | 5
1

Upande wa kulia una 2 mara nne, 3 mara mbili na 5 mara moja. Ukiunganisha na 1001:

720 720 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13

Kwa kifupi, 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Mstari huu uandike kwa herufi kubwa juu ya ukurasa mpya na kuuzungushia duara, kwa sababu kila swali litakalofuata tutaliuliza kwake. Hakuna njia nyingine ya kuivunja namba hii hadi kwenye namba tasa: uanzie popote, tasa utakazofikia ni hizo hizo kumi.

Onyo: usigawanye kwa 4, 6 au 10 ukidhani unafupisha njia. Jibu linaweza kutoka sawa, lakini upande wa kulia utajaa namba ambazo bado hazijavunjika, na hatua ya 6 itakuharibikia.

Hatua ya 5: Kagua kwa kurudi nyuma

16 × 9 = 144. 144 × 5 = 720. 720 × 1001 = 720 000 + 720. Imefika. Kama kwako haikufika, tafuta kosa sasa hivi kabla hujaendelea mbele.

Hatua ya 6: Hesabu vigawo vyote bila kuviorodhesha

Hapa ndipo lile swali la "nimepata nane tu" linapozaliwa. Mtoto anatazama vipeo, yaani kila tasa imetokea mara ngapi: 4, 2, 1, 1, 1, 1, anavizidisha, anapata 8. Njia sahihi ni kuongeza moja kwenye kila kipeo kabla ya kuzidisha.

Kwa nini moja zaidi? Jifikirie umesimama na kikapu katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mbele yako kuna mafungu sita: la kwanza lina mbili nne, la pili lina tatu mbili, na manne yaliyobaki yana tano moja, saba moja, kumi na moja moja, kumi na tatu moja. Kigawo chochote cha 720 720 ni kikapu kilichojazwa kutoka mafungu hayo. Kwenye fungu la mbili unaweza kuchukua moja, mbili, tatu au zote nne, au usichukue kitu kabisa. Hiyo ni njia tano. Kupita fungu bila kununua nako ni kuchagua, na hiyo ndiyo "moja" ambayo watu wanaisahau. Fungu la pili, lenye zile 3, lina njia tatu, mengine manne yana njia mbili mbili:

5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240

Vigawo 240. Ukipita mafungu yote bila kuchukua kitu unapata kigawo 1; ukichukua kila kitu unapata 720 720 yenyewe. Vyote viwili vimehesabiwa humo.

Ukitaka kujua vigawo witiri ni vingapi, lifunge fungu la mbili: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48. Vilivyobaki, 192, ni shufwa.

Na ukiulizwa kama namba fulani ni kigawo, usianze kugawanya. Ivunje hiyo ndogo, kisha uangalie kama mafungu yanaitosha. 91 ni 7 × 13, zipo zote mbili, basi ni kigawo: 720 720 ÷ 91 = 7 920. 45 ni 3 × 3 × 5, zipo: jibu 16 016, mwangwi mwingine. 25 inataka tano mbili, nasi tuna moja tu, imekataa. 49 inataka saba mbili, imekataa. 27 inataka tatu tatu, imekataa.

Onyo la pili, na hili linawanasa hata wanafunzi wazuri. "Inagawanyika kwa 6, inagawanyika kwa 16, basi inagawanyika kwa 96, maana 6 × 16 ni 96." Hapana. 96 inataka mbili tano, nasi tuna nne. 720 720 ÷ 96 ni 7 507 na nusu. Kuzidisha vigawo namna hiyo kunaruhusiwa pale tu ambapo havina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kama 7 na 16, au 9 na 11.

Hatua ya 7: Vipange kwa jozi

Kila kigawo kina mwenzake: 2 na 360 360, 3 na 240 240, 5 na 144 144. Jozi ziko 120. Ukitaka kuziandika zote, usivuke 848, kwa sababu 848 × 848 ni 719 104 na 849 × 849 ni 720 801. Namba yetu iko katikati, kwa hiyo katika kila jozi mmoja ni 848 au chini yake na mwenzake ni 849 au zaidi. Jozi iliyokaribiana kuliko zote ni 840 × 858. Itafute mwenyewe kwanza kwa kugawa mafungu katika vikapu viwili: kimoja kina 2 × 2 × 2 × 3 × 5 × 7, kingine 2 × 3 × 11 × 13. Kuandika jozi zote 120 ni kazi ya Jumapili nzima. Simlazimishi mtu, ingawa waliowahi kuifanya kwangu hawakujuta.

Hatua ya 8: Gawanya kwa 1 hadi 16 ukitazama mwangwi

Andika majibu haya kwa mkono wako. Yaliyopo hapa ni ya kukagulia tu.

÷ 1 = 720 720
÷ 2 = 360 360
÷ 3 = 240 240
÷ 4 = 180 180
÷ 5 = 144 144
÷ 6 = 120 120
÷ 7 = 102 960
÷ 8 = 90 090
÷ 9 = 80 080
÷ 10 = 72 072
÷ 11 = 65 520
÷ 12 = 60 060
÷ 13 = 55 440
÷ 14 = 51 480
÷ 15 = 48 048
÷ 16 = 45 045

Yatazame tena taratibu. Mwangwi uko karibu kila mahali, hata pale ulipojificha: 72 072 ni 072 072 iliyopoteza sifuri ya mbele, na 45 045 ni 045 045. Lakini kwa 7, 11, 13 na 14 mwangwi umekatika. Sababu unayo tayari kwenye duara lako. Ukigawanya kwa 12 au 16, umekata upande wa 720, na 1001 inayotengeneza mwangwi imebaki nzima. Ukigawanya kwa 7 umeivunja 1001 yenyewe. Mimi jambo hili nalipenda kuliko yote katika namba hii, kwa sababu mtoto wa miaka kumi anaweza kuliona kwa macho na kulieleza kwa maneno yake.

Angalia pia jibu la 13: 55 440. Ligawanye kwa 11, unapata 5 040. Hiyo ni 7 × 8 × 9 × 10, na ina historia. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipokuwa akipanga mji wa mawazo yake alitaka uwe na wenye viwanja 5 040, kwa sababu namba hiyo inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10, na watu wangegawiwa ardhi na kazi bila masalio. Yetu ni 5 040 iliyozidishwa kwa 11 na kwa 13.

Namba za aina hii, zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kuzishinda, zilichunguzwa kwa undani na Srinivasa Ramanujan wa India, aliyechapisha kazi yake juu yake mwaka 1915 akiwa Uingereza. 720 720 ni mojawapo.

Hatua ya 9: Wapigie hodi majirani

Chukua 720 722. Ni 720 720 na 2. Sehemu zote mbili zinagawanyika kwa 2, basi nayo inagawanyika. 720 723 inagawanyika kwa 3 kwa sababu hiyo hiyo. 720 727 kwa 7, jibu 102 961. 720 731 kwa 11, jibu 65 521. 720 733 kwa 13, jibu 55 441. Endelea hadi 720 736. Namba kumi na tano zimefuatana na hakuna tasa hata moja, nawe umelithibitisha hilo bila jasho. Rudi nyuma kwa kutoa badala ya kujumlisha, kutoka 720 718 hadi 720 704, utakuta hali ni ile ile.

Onyo la tatu: jirani wa karibu kabisa, 720 721, anabakiza 1 ukimgawanya kwa namba yoyote kuanzia 2 hadi 16. Wanafunzi wanaruka na kusema "basi ni tasa!" Usiseme hivyo. Kukataa 2 hadi 16 ni mwanzo tu wa ushahidi. Mfano uko ndani ya namba yetu yenyewe: 720 720 ÷ 24 = 30 030, ambayo ni 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13. Ongeza 1, unapata 30 031. Inakataa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zote. Na bado si tasa: ni 59 × 509.

Inatumika wapi

Darasani mmeisikia PPCM, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba kadhaa kwa pamoja. 720 720 ndiyo PPCM ya 1 hadi 16. Tuseme kuna taa kumi na sita. Ya kwanza inawaka kila sekunde 1, ya pili kila sekunde 2, hivyo hivyo hadi ya kumi na sita kila sekunde 16. Zimewaka pamoja sasa hivi. Zitawaka pamoja tena zote baada ya sekunde 720 720, yaani siku 8, saa 8 na dakika 12 kamili. Ukiongeza taa ya 17 utangoja mara kumi na saba zaidi, kwa sababu 17 haimo katika fungu lolote. Namba inapanda hadi 12 252 240. Ya 18 ukiiongeza baada ya hapo haibadilishi kitu: 18 ni 2 × 3 × 3, na hizo tunazo. Ndilo jibu la wanaouliza kwa nini 17 inakataa (baki 5) na 18 inakubali (jibu 40 040).

Dakika 720 720 ni siku 500 na nusu. Saa 720 720 ni siku 30 030. Hii ya mwisho tuliifanya jioni moja ya mwezi wa saba, baridi imeshika, mbabula, jiko letu la makaa, iko chini ya meza. Mtoto mmoja aliuliza hizo ni miaka mingapi. Tukagawanya: ni miaka 82 na miezi miwili na nusu hivi. Akainuka, akaingia ndani kumuuliza kambo, ndivyo tunavyowaita bibi na babu huku kwetu, amezaliwa mwaka gani.

Ukikwama

Jibu la kugawanya kwa 7 ni 12 960. Umeruka sifuri. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko jingine lolote. Msichana mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa akijiandaa kwa TENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, alilifanya mbele yangu umeme umekatika, tunatumia mshumaa. Aliandika 12 960, akaligawanya kwa 11, ikabaki 2, akaniambia, "Yaya, umetudanganya, 11 inakataa." Tukarudi pamoja tarakimu kwa tarakimu. Saba ndani ya 7 ni 1. Teremsha 2: saba haiingii ndani ya 2, basi andika 0 kwenye jibu. Hapo ndipo alipokuwa ameteremsha tarakimu nyingine bila kuandika kitu. Teremsha 0: ndani ya 20 inaingia 2, baki 6. Ndani ya 67 inaingia 9, baki 4. Ndani ya 42 inaingia 6, baki 0. Ya mwisho 0. Jibu 102 960. Kinga yake ni kukadiria kabla ya kugawanya: 700 000 kwa 7 ni 100 000, kwa hiyo jibu lolote chini ya hapo ni kosa.

Simu inasema 102,96 au 102.96. Umeandika nukta katikati ya namba. Kwenye karatasi zetu nukta au nafasi inatenga maelfu, lakini kikokotoo cha simu kikiona 720.720 kinasoma mia saba na ishirini na sehemu kidogo. Bonyeza tarakimu sita mfululizo, bila nukta wala koma.

Vigawo vinatoka 8. Rudi hatua ya 6. Umesahau kuongeza moja kwenye kila kipeo.

Vinatoka 120. Umehesabu jozi badala ya vigawo, au umesahau tasa moja kati ya 5, 7, 11 na 13. Soma upya mstari ulio ndani ya duara.

Nimepewa namba nyingine kubwa, haina mwangwi. Nitaijaribuje kwa 7, 11 na 13? Siri ni ile ile ya 1001. Igawe mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Mfano 458 913: 913 − 458 = 455. Sasa ijaribu 455 badala ya namba kubwa. Kwa 7 ni 65, imekubali. Kwa 13 ni 35, imekubali. Kwa 11 inabaki 4, imekataa. Basi 458 913 inagawanyika kwa 7 na 13, na haigawanyiki kwa 11. Ikiwa na mafungu matatu, chukua la kulia, toa la kati, jumlisha la kushoto: 1 234 567 inakuwa 567 − 234 + 1 = 334, na 334 inazikataa zote tatu. Ukiifanyia 720 720 unapata 720 − 720, sifuri, na sifuri inakubali kila kitu.

Kwa 9 nagawanya kila mara, hakuna njia fupi? Ipo: jumlisha tarakimu. 7 + 2 + 0 + 7 + 2 + 0 = 18, na 18 inagawanyika kwa 9, basi namba nzima inagawanyika. Njia hii ni ya 3 na 9 peke yake. Usiipeleke kwa 7.

Mazoezi

Chini ya milioni moja kuna namba tano zenye vigawo 240: 720 720, 831 600, 942 480, 982 800 na 997 920. Vunja hizo nne zilizobaki kwa hatua ya 4, halafu hakikisha kwa hatua ya 6 kwamba kila moja inafika 240. Hazina mwangwi, kwa hiyo utaanza na 2 na kuteremka polepole. Ukiona ugumu, anza na 942 480: igawanye kwanza kwa 17, na jibu litakalotoka ulilinganishe na mstari wa 13 kwenye orodha ya hatua ya 8.